Wingu Lenye Chumvi na Masizi

Mtalii anayelala Moshi usiku mmoja tu huamshwa alfajiri, kwa sababu mwenyeji wake anaijua ratiba ya mlima. Saa kumi na mbili Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko wazi. Ikifika saa nne, hewa ya tambarare imeshapata joto, imepanda mteremko na kupoa, na wingu limetanda juu ya Marangu, Kibosho na Machame. Jioni hulegea tena, kama hali ya hewa imeamka na moyo mzuri. Wapiga picha hulilaani wingu hilo, na waongoza watalii huliombea radhi, utadhani wao ndio waliolileta. Ni wachache wanaomwambia mgeni kwamba wingu hilo ndilo linalojaza mifongo, yaani mifereji, ya Uchagani, na kwamba theluji aliyoifuata kwa ndege mbili huchangia kidogo mno katika maji aliyooga hotelini.

Tofauti ya mvua mlimani ni kubwa kuliko inavyoonekana ukiwa stendi. Mjini, kwenye mita 800 na kitu, hunyesha kiasi cha kawaida cha nchi kavukavu ya Kaskazini. Panda upande wa kusini hadi mita 2,200, katikati ya msitu, na kwa mwaka kipimo hupita milimita 2,000. Endelea hadi mita 5,895 na uko karibu na jangwa, jangwa lenye barafu. Andreas Hemp, mwanabotania Mjerumani aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto ulioteketeza msitu wa juu umetupunguzia maji zaidi kuliko kuyeyuka kwa barafu yote. Miti ya kule hukamata ukungu kwa majani na ndevu zake za kuvumwani na kuuteremsha ardhini. Ukishaikata au kuichoma, ukungu hupita ukaenda zake.

Sasa, wingu lenyewe. Mvuke hauwi tone kwa kutaka tu. Unahitaji kitu cha kushikilia. Mskoti John Aitken alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1880: hewa iliyochujwa vumbi hugoma kutoa ukungu hata ikijaa unyevu kupita kiasi. Vile vidude vya kushikilia, ambavyo wanasayansi huviita erosoli, ni vidogo mno, na juu ya mteremko wa Kilimanjaro hutoka kila upande. Vingine ni chumvi: mawimbi ya Bahari ya Hindi, kilomita zipatazo 300 kutoka hapa, hupasuka, na punje zinazobaki angani husafiri na upepo. Vingine ni salfa itokanayo na gesi ya mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho; mwaka 1987 wanasayansi Charlson, Lovelock, Andreae na Warren walidai kwamba kwa gesi hiyo bahari hujitengenezea kivuli chake yenyewe, dai zuri ambalo vipimo vya baadaye havikuliunga mkono kama lilivyotarajiwa. Kuna vumbi la Amboseli. Mwaka 2007 kulikuwa na majivu ya Oldoinyo Lengai. Halafu kuna moshi wetu.

Kwa mtazamo wa haraka, chembe zikizidi, wingu linazidi, na mvua inazidi. Sivyo. Sean Twomey, aliyefanya kazi Australia na Marekani, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba maji ya wingu yakigawanywa kwa chembe nyingi, kila tone hubaki dogo: ugali ni uleule, wageni ndio wameongezeka. Matone madogo mengi hurudisha mwanga wa jua zaidi, kwa hiyo wingu huwa jeupe na dunia chini yake hupoa kidogo. Lakini matone hayo hayagongani wala kuungana kwa urahisi, na tone moja la mvua linahitaji matone ya wingu kama milioni moja. Wingu linang'aa, shamba linangoja. Mwaka 2007 Daniel Rosenfeld na wenzake walichapisha vipimo vya mlima Hua, karibu na jiji la Xi'an huko China: siku za ukungu mchafu, mvua ya mlimani ilipungua sana kulinganisha na ile ya tambarare. Punje kubwa za chumvi hufanya kinyume chake. Kwa kuwa ni nene, hujenga matone makubwa mapema, na matone hayo hushuka yakiokota madogo njiani. Kwa mkulima wa kahawa na migomba, basi, kutoka baharini huja msaidizi na kutoka jikoni huja mpinzani, na wote wawili hukutana ndani ya wingu moja.

Mtu angependa kuamini kwamba upepo wa baharini ni msafi. Ule wa kusi kwa kiasi kikubwa ndivyo ulivyo. Kaskazi ni habari nyingine. Kati ya Januari na Machi 1999, watafiti wa mradi wa INDOEX waliokita kambi Maldives walikuta juu ya Bahari ya Hindi ya kaskazini utando wa kahawia wenye kina cha kilomita tatu hivi: moshi wa kuni, samadi, dizeli na viwanda vya Asia Kusini, ukisukumwa kuelekea ikweta na upepo uleule ulioleta majahazi Zanzibar na Mombasa kwa karne nyingi. Masizi ya utando huo hayapozi tu. Hunyonya jua na kuipasha joto hewa yenye mawingu, hadi mawingu mengine yakakauka. Biashara ya zamani ilituletea tende na vyungu. Hii ya sasa haina hata ankara.

Meli nazo zina sehemu yake. Kwa miongo mingi zilichoma mafuta mazito yaliyojaa salfa, na satelaiti ziliona nyuma yake michirizi ya mawingu meupe juu ya bahari. Tarehe 1 Januari 2020, kanuni ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Mapafu ya watu wa bandarini yakapumua, michirizi ikafifia, na bahari chini yake ikaanza kupokea jua ambalo zamani lilikuwa likirudishwa. Moshi, mji usio na bandari, una undugu wa mbali na hadithi hii. Mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC kule Arusha Chini, jirani na mji huu, yalianzishwa mwaka 1930 na A.P. Møller, tajiri wa meli wa Denmark ambaye kampuni yake leo ni Maersk. Tulikumbuka sukari tukasahau bomba la moshi.

Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi lilikadiria mwaka 2021 kwamba uchafu wa namna hii, hasa erosoli, umeficha kati ya nyuzi 0.0 na 0.8 za joto ambalo gesi zetu zingelileta. Tazama upana wa makadirio hayo: kutoka sifuri hadi karibu nyuzi moja nzima. Hakuna mhasibu wa kijiji ambaye angepita kwenye mkutano mkuu na hesabu kama hiyo, lakini hapa si uzembe. Mawingu ni magumu kweli.

Ugumu huohuo uko kileleni. Mtafiti wa barafu Lonnie Thompson alitoboa barafu ya Kibo mwaka 2000, akakuta ndani yake tabaka la vumbi la takriban miaka 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkubwa. Miaka miwili baadaye alibashiri kuwa barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, japo ni mabaki: asilimia 85 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 ilikuwa imeondoka kufikia 2007. Watafiti wengine, Kaser, Mölg na Hardy, walisisitiza kwamba joto peke yake halielezi kila kitu. Mlima ulikauka tangu mwisho wa karne ya 19, mawingu na theluji mpya vikapungua, barafu ikakosa nguo nyeupe ya kujikinga na jua. Nawaelewa wanaharakati wanaotaka jibu la sentensi moja. Mlima haukuandika sentensi moja.

Moshi wa karibu ndio ninaoona kuwa na maana zaidi kwetu, kwa sababu unaweza kuguswa. Oktoba 2020 moto uliunguza takriban kilomita za mraba 95 za vichaka vya juu, na Oktoba 2022 ukarudi upande wa kambi ya Karanga. Moto wa namna hiyo huliumiza wingu mara mbili: hulijaza masizi, kisha huondoa mimea ya kulikamua. Chini ya wingu hilo kuna maelfu ya mafiga na majiko ya mkaa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia kufikia 2034, na mitungi ya gesi ikagawiwa mbele ya kamera. Kuijaza tena mitungi hiyo hakupigwi picha. Sababu kuu ya mkakati huo ni kifua cha mama na mtoto, na inatosha. Wingu ni faida ya ziada.

Wapo wanaotaka kuirudisha ile michirizi ya meli bila uchafu wake. Mwaka 1990 mwanafizikia Mwingereza John Latham alipendekeza maji ya bahari yarushwe angani kama ukungu mwembamba ili mawingu ya baharini yang'ae. Aprili 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwasha mashine kama hiyo kwenye sitaha ya USS Hornet, manowari ya zamani iliyotia nanga Alameda, California. Wataalamu walioajiriwa na mji hawakuona hatari ya kupimika kwa afya, lakini Juni madiwani walipiga kura kukataa, na hiyo ni haki yao. Jaribio la watafiti hao lilikuwa dogo. Likifanywa kwa ukubwa unaoweza kupoza dunia, linaweza kusogeza mvua za tropiki, na masika ni mojawapo. Katika mapendekezo niliyoyasoma, sijaona mahali ambapo madiwani wa Manispaa ya Moshi wanapewa kura.