Nyumba Niliyoijenga Mara Mbili

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wenzangu mnaoweka akiba kidogo kidogo katika mshahara ili mpate kujenga, nataka kuwaeleza habari ya nyumba yangu. Si habari ya kujisifu. Nyumba hii nimeijenga mara mbili, na ile mara ya kwanza ilinila fedha za miaka 4, pamoja na karo ya binti yangu.

Mwaka wa 2008 nalinunua kiwanja karibu na Muheza, mahali pa udongo mwekundu, penye minazi miwili na mwembe. Nikamwendea fundi mwashi, nikamwambia nataka nyumba ya vyumba 5 vya kulala, na sebule, na baraza yenye nguzo. Mke wangu akaniuliza, "Mwalimu, sisi tu watu 6, na wawili wako bweni. Vyumba hivi ni vya nani?" Nikamjibu kwamba wageni watakuja. Kusema kweli, nalikuwa nimeiona nyumba ya mwenzangu mmoja, wala sikutaka yangu iwe ndogo kuliko yake.

Fundi akachora kwa kijiti mchangani, na mchoro wake ulikuwa na pembe 14. Nalipendezwa sana. Sikujua kwamba kila pembe ina gharama yake: katika msingi, katika ukuta, na zaidi katika paa, maana mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, hapo mbao na bati hukatwa na kupotea, na hapo ndipo mvua hupenya kwanza. Hata umbo tupu lina hesabu. Nyumba ya mita 9 kwa 9 ina eneo la mita za mraba 81, na kuta zake za nje ni mita 36. Nyumba ya mita 4.5 kwa 18 ina eneo lile lile kabisa, lakini kuta zake za nje ni mita 45. Zile mita 9 zilizozidi, ukuta ukipanda mita 3, zataka tofali kama 250, mbali na msingi wake, na lipu, na rangi. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita aiweza, nami nalifundisha darasa la sita.

Sasa habari ya udongo, ambayo nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza zaidi. Fundi alichimba msingi kwa kina kimoja pande zote, nasi hatukumwuliza mtu yeyote habari za mahali pale. Kumbe kwenye pembe ya mashariki wazee wa zamani walikuwa wakichimba udongo wa kukandikia nyumba zao, na shimo lile likajaa takataka na majani, likafunikwa, likaota nyasi kama penginepo. Mzee mmoja jirani alilijua vizuri. Aliniambia baadaye, "Mwanangu, ungaliniuliza ningalikuonyesha. Nalidhani umepima." Udongo wa kujaza hukaa kitako polepole, na maji yakiingia huzidi kuzama. Masika ya mwaka wa 2011, kuta zikiwa zimefika madirishani, upande wa mashariki ulishuka, na ufa ukapanda ngazi kwa ngazi katika viungo vya tofali, hata mkono wangu ukapita.

Basi amwajiriye mtu kuchimba msingi, na asimame mwenyewe shimoni. Achome ardhi kwa chuma kila baada ya hatua chache. Chuma kikizama kwa wepesi mahali pamoja na kugoma pengine, achimbe zaidi pale palipo laini mpaka afike udongo usiochimbwa na mtu. Kazi hiyo ni ya siku mbili tu.

Habari ya saruji naona haya kuisimulia. Nalisikia bei itapanda, nikanunua mifuko 40 kwa mara moja, nikaipanga sakafuni katika ghala la jirani, ikiegemea ukuta. Baada ya miezi 7 mifuko ya chini ilikuwa mawe. Saruji hunywa unyevu wa hewa hata ikiwa mfukoni. Haifai kukaa zaidi ya miezi 3, na hata kwa muda huo yapasa kuinuliwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kokoto na mchanga waweza kununua mapema na kungoja, lakini saruji inunuliwe karibu na siku ya kazi.

Tofali nazo nalinunua kwa kutazama bei. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa tofali za inchi 6 zipatazo 25 au 30 zilizo imara. Mwenye kutoa 45 amekuuzia mchanga. Kwaruza tofali kwa msumari: likimwagika kama sukari, liache. Tena uulize limenyweshwa maji kwa siku ngapi, maana saruji haikauki kama nguo juani. Hushikana kwa maji, nayo ikinyimwa maji siku 7 za kwanza hubaki dhaifu daima. Hata zege nguvu zake huhesabiwa siku ya 28. Wengi hudhani kwamba fundi amwagiliaye ukuta jioni anapoteza muda. Huyo ndiye fundi wa kumshika. Na yule aongezaye maji katika zege ili likorogeke upesi, mwangalie sana, kwa kuwa maji yaliyozidi huacha vitundu, na zege hupoteza nguvu.

Mwaka wa 2012 binti yetu mkubwa alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Karo yake ilikuwa imo ndani ya ukuta ule uliopasuka. Nalitafuta mkopo, sikupata. Hakulia mbele yangu, illa alikunja barua ya chuo akaiweka ndani ya daftari lake, akaenda kuuza maandazi na mama yake. Alingoja miaka 2.

Alipokwisha kwenda chuoni, mke wangu aliniambia, "Sasa nipe mimi daftari." Nikampa. Tangu siku ile hapakununuliwa hata msumari pasipo kuandikwa. Alianza kwa kupima vitanda na meza yetu, tena akapima nafasi ya mtu kupita, kisha akasema vyumba 3 vyatosha. Tukabomoa upande wa mashariki, tukasafisha tofali zilizo nzima, tukajenga upande wa magharibi juu ya msingi ule ule, mahali udongo ni mgumu, tukiongeza ukuta mmoja wa kuufunga. Nyumba ikawa mita 9 kwa 8, pembe 4, paa la migongo miwili tu.

Fundi wa pili tuliandikiana naye mbele ya mashahidi: malipo kwa hatua, si kwa siku, na hatua isiyokwisha hailipwi. Tukatenga sehemu moja ya kumi ya fedha kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa, nayo ikatumika yote. Jiko na bafu vilipakana, hata bomba moja likahudumia pande mbili, na mabomba ya nyaya za umeme yakaingizwa ukutani kabla ya lipu, ijapokuwa umeme wenyewe hatukuwa nao. Jirani yangu alipiga lipu na rangi kwanza, kisha akalipa watu wapasue kuta zake.

Dukani nalikaribia kukosea tena. Mwuzaji alinipa bati za geji 30, akisema namba kubwa ni bati nene. Ni kinyume: geji 28 ndiyo nene kuliko geji 30. Mke wangu alishika zote mbili, moja huku na moja huku, akacheka. Paa tukalitokeza nje ya ukuta sentimita 60, ili mvua isipige kuta. Linafunika mita za mraba kama 90, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 10, ambayo kwetu si kubwa, huleta lita 900. Mvua 6 za namna hiyo hujaza tangi letu la lita 5,000.

Jambo la hati nalitaja kwa ufupi. Majina yetu yote mawili yamo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenziwe, lakini nimewaona wajane wakisumbuliwa na shemeji zao kwa kukosa karatasi tu. Tena anunuaye kiwanja kando ya mto na apime kwanza: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, nayo nyumba ni ya kudumu.

Tulihamia mwaka wa 2017. Binti yetu alikuja likizo, tayari mwuguzi, akalala katika chumba cha kati, na asubuhi akatoka akautazama ule msingi wa mashariki uliobaki wazi. Mama yake amepanda migomba ndani yake, mahali palipopasa kuwa vyumba vya wageni, na kwenye ile pembe iliyozama kuku wetu huoga mavumbi.