Mabibo: hela inayooza chini ya mkorosho

Msimu ukifika Nandagala, korosho inakwenda ghalani kusubiri mnada. Bibo linabaki chini, chakula cha nzi. Na bibo ni zito mara kadhaa kuliko korosho yake. Vijana, pimeni wenyewe.

Goa, kule India, mkorosho uliletwa na Wareno kama huku kwetu. Feni, pombe yao ya mabibo, ilikuwa ya kijijini tu. Mwaka 2009 ikasajiliwa kwa jina la mahali inapotoka, mtu wa kwingine haruhusiwi kulitumia. Njia hiyohiyo ilipita mezcal ya Mexico, inayotokana na ndugu wa mkonge wetu. Leo inauzwa baa za New York.

Sisi tuna uraka na nipa. Ila msikimbilie mtambo! Sheria ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza pombe ya moshi bila leseni, na ya uchochoroni imeshapofusha na kuua watu. Anzeni na juisi na jamu, TARI Naliendele wanafundisha. Mvinyo baadaye, mkishapata kibali na alama ya TBS. Bibo liokotwe asubuhi, lioshwe, likamuliwe siku hiyohiyo. La jana limeshachacha.