Picha ya Nchi Kame Haijisemei

Mwezi wa Septemba, kiangazi kinapokuwa kimekomaa, maji ya Ziwa Singidani hurudi nyuma na kuacha ukingo mtupu wa tope lililokauka na kupasuka. Nyuma yake yamesimama mawe makubwa yaliyopandana, kana kwamba yalipangwa na mkono wa jitu. Mtu akishika kamera mahali hapo, akaigeuza kidogo ili nyumba za mji zisionekane, atapata picha ambayo mgeni ataapa kwamba ni ya jangwa.

Ndiyo maana nchi yetu ya kati huwavutia wapiga sinema wa ridhaa, yaani wale wanaoifanya kazi hiyo kwa mapenzi na wala si kwa mshahara. Mtu wa namna hiyo hana fedha za kujenga mandhari, lakini mbuyu uliopukutisha majani, vumbi la njia ya ng'ombe na anga lisilo na wingu hayatozi kiingilio. Basi hurudi nyumbani na picha za aina mbili: za nchi yenyewe, na za kazi ilivyofanyika. Katika hizi za pili tutamwona mchezaji akifuta jasho kivulini, kijana akinyosha kitambaa cheupe ili mwanga umrudie mwenzake usoni, na watoto wa kijiji wakitazama kwa mshangao. Picha hizo zote mbili zina deni, nasi hatuna budi kulitaja.

Tuanze na deni la nchi. Kwa kawaida huitwa jangwa nchi isiyopata hata milimita 250 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida hupata kati ya milimita 500 na 800. Shida yetu ni kwamba mvua hiyo huja kwa msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga. Mahali palepale palipopigwa picha Septemba, mtu akirudi Februari atakuta mtama umesimama na ng'ombe wanapata malisho. Mkulima wa Unyaturu au Unyiramba akilitazama shamba tupu la kiangazi haoni nchi iliyokufa. Anaona shamba linalongoja mvua. Picha isiyotaja mwezi wake husema nusu ya habari, na nusu hiyo ikirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa sifa ya mkoa mzima. Hatimaye hata mtoto aliyezaliwa hapa hujifunza kuidharau ardhi inayomlisha.

Deni la pili ni la watu, nalo ni zito zaidi. Ili tulielewe, inafaa tukumbuke yaliyotokea katika nchi hii wakati wa ukoloni. Mwingereza mmoja, L. A. Notcutt, alikuwa meneja wa mashamba ya katani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1926 alianza kufikiri kwamba sinema ingeweza kuwatuliza vibarua wasiyahame mashamba. Fikra hiyo ilikuwa ya bwana shamba anayetafuta faida, na hatuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo, kutokana na jitihada zake ulizaliwa mradi wa kupiga sinema za mafunzo ulioweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Sinema 35 zilipigwa, wenyeji wakiwa wachezaji, juu ya mambo kama kuweka akiba, maradhi ya safura na kilimo.

Leo, kati ya sinema hizo 35, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Mengi tunayoyajua juu ya kazi ile tumeyapata katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1937. Juu ya jalada lake yamo majina mawili, la Notcutt na la mwenzake Latham. Wale waliosimama juani mbele ya kamera, wakarudia tendo moja mara kwa mara mpaka likakubalika, hawamo juu ya jalada hilo. Mjukuu wao akitaka kujua babu yake alifanya nini Vugiri, aanzie wapi?

Tusidhani kwamba hasara ya namna hiyo ni ya zamani tu. Vijana wetu sasa wanapiga sinema kwa simu, na picha za kazi yao zimo ndani ya simu hizohizo. Simu ikiibiwa, ikianguka majini au ikiuzwa, kazi ya mwaka mzima hutoweka siku moja. Mkanda wa Vugiri ulidumu kuliko hivyo.

Rai yetu ni nyepesi, wala haihitaji fedha nyingi. Kila apigaye picha nyikani aandike mahali, mwezi na mwaka. Kila apigaye picha za utengenezaji wa sinema aandike majina ya wote walioshiriki, pamoja na yule aliyeshika kitambaa na yule mama aliyewapikia. Achague picha chache zilizo bora, azichapishe kwenye karatasi, amwachie nakala mzee wa ukoo, na nyingine aipeleke katika maktaba au shule iliyo karibu. Wazazi nao wasiione kazi hiyo kuwa ni upuuzi wa vijana, kwa sababu huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya kijiji chao itakayobaki kwa macho.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Picha nazo ni mali. Mvua itakaporudi na kuufunika ukingo wa Singidani, atakayekuwa ameandika nyuma ya picha yake, "Septemba, wakati wa kiangazi, nikiwa na fulani na fulani," atakuwa ameitendea haki nchi yake na wenzake.