Mzee na Mtoto Anayemwongoza

Ijumaa asubuhi, wenye maduka wa katikati ya jiji la Mwanza hutenga sarafu kando ya droo. Wanajua watakaopita. Waombaji huenda duka kwa duka, na wengi hupata chochote, maana siku yenyewe ni ya sadaka. Miongoni mwao wamo wanaotembea wawili wawili: mzee asiyeona na mtoto anayemwongoza, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo. Mtoto ndiye anayetazama njia, ndiye anayesema "tusaidie", na ndiye anayepokea. Wakati huo wenzake wako darasani.

Mjadala wa kutoa au kutotoa ungefaa uanzie kwa wawili hawa, kwa sababu shilingi mia wanayopewa inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamlisha mzee, na inamweka mtoto mbali na shule.

Wanaokataa kutoa kwa kawaida husema fedha hizo zitaishia kwenye pombe. Dai hilo limepimwa, tena kando ya Ziwa Victoria hili hili. Huko Rarieda, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha kwa M-Pesa bila masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia matumizi yake na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Kaya zilikula vizuri zaidi na kuongeza mali, hasa mifugo. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Maskini anajua kinachokosekana nyumbani kwake kuliko sisi tunaompita.

Wengine wanataka waombaji waondolewe mjini. Tumeshajaribu. Mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi iliwakusanya walioitwa wazururaji na kuwapeleka vijijini, lakini wengi walirudi. Mwaka 2016 Dar es Salaam iliwaamuru ombaomba waondoke, na leo bado wapo kwenye taa za barabarani. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya maisha. Karandinga linaweza kumhamisha mzee, lakini njaa yake inapanda naye.

Kwa mtoto, hata hivyo, hesabu inabadilika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto anayeomba, na hata anayefuatana na mtu anayeomba, kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Jukumu la kumlinda imelikabidhi kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hoja ni nyepesi kueleweka: mtoto akileta fedha zaidi ya mtu mzima, ataendelea kutumwa, na kila sarafu yetu inakuwa mshahara wake. Ada za shule ya msingi zimefutwa, lakini mtoto ambaye ndiye macho ya babu yake hawezi kuitumia nafasi hiyo.

Kwa hiyo hatutamwokoa mtoto kwa kumnyima mzee. Tutamwokoa kwa kumpa mzee kipato asichohitaji kukitafuta barabarani. Hilo nalo limefanyika ng'ambo ya ziwa. Tangu mwaka 2003, mradi wa Kwa Wazee huko Nshamba, wilayani Muleba, umekuwa ukiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Wengi wao ni bibi waliobaki na wajukuu yatima baada ya UKIMWI kuwachukua wazazi. Tathmini ya mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa maana hivyo ndivyo vitu ambavyo bibi walinunua. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara tunao mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini, lakini hatujafikia hatua ya kila mzee kuwa na pensheni yake kwa haki ya umri.

Hadi tufike huko, msimamo wangu ni huu. Mtu mzima akikuomba na unacho, mpe bila kumhoji wala kumkaripia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto akiomba peke yake, usimpe fedha. Mpe chakula, msikilize, kisha piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au mfikie afisa ustawi wa jamii. Jijini Mwanza mashirika kama Cheka Sana na Railway Children Africa yanafanya kazi ya kuwatoa watoto mitaani, na yanahitaji michango yetu.

Na kwa wawili wale wa Ijumaa, misikiti, makanisa na wafanyabiashara waunganishe sarafu zao. Fungu moja la uhakika kila mwezi, analopelekewa mzee nyumbani, lina nguvu kuliko mia mia za duka kwa duka. Likitolewa kwa makubaliano kwamba Jumatatu mtoto yuko darasani, sadaka itakuwa imewafikia wote wawili.