Kiatu Kinachofyatuka Kutoka Kwenye Kalibu

Kalibu ya kroksi namba 42 haimtoshi mtu mzima. Ukiitazama utadhani ni ya mtoto wa chekechea, na wageni wanaotembelea kiwanda chetu huuliza kama aliyeichonga alikosea vipimo. Nawaambia wasubiri ifunguke. Vipande viwili vya chuma vinaachana ghafla na kiatu kinafyatuka, kinavimba papo hapo hadi urefu na upana wake unaongezeka kwa karibu nusu.

Wengi hudhani tunajaza upepo kwa pampu. Hapana. Gesi inatoka kwenye unga wa manjano uitwao azodikabonamidi, tunaouchanganya na plastiki ya EVA tangu mwanzo. Gramu moja ya unga huo ikivunjika kwa joto hutoa zaidi ya mililita 200 za gesi, nyingi yake ikiwa naitrojeni. Ukiwa peke yake huvunjika kwenye nyuzi joto 200 na kidogo. Ukitiwa zinki oksidi, hata 170 inatosha. Ndiyo maana mashine yetu ni kinyume cha mashine ya mabeseni. Kwa mabeseni, plastiki huyeyushwa kwenye bomba la moto kisha ikasukumwa kwenye kalibu ya baridi igande. Sisi bomba letu halizidi nyuzi 100, EVA ilainike tu bila kuuamsha unga. Moto mkali uko kwenye kalibu, na humo plastiki inakaa dakika kadhaa ikiwa imebanwa.

Katika dakika hizo gesi inazalishwa lakini haina pa kukaa. Inayeyuka ndani ya plastiki, kama gesi ya soda ambayo chupa haijafunguliwa. Kalibu ikifunguka, presha inaporomoka, na plastiki inajikuta ina gesi nyingi kuliko inavyoweza kushika.

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko sehemu nyingine yote ya kazi hii. Kiputo kichanga kina adui, nao ni uso wake mwenyewe. Plastiki inayokizunguka inavutana ikitaka kuliziba tundu, na kadiri kiputo kilivyo kidogo ndivyo mbano unavyokuwa mkali. Kikizaliwa kidogo mno kinabanwa, kinatoweka, gesi inarudi ilikotoka. Kikishavuka kipimo fulani, gesi ya jirani inakikimbilia na kinakua chenyewe. Kazi ni kukivusha hapo.

Tunakisaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni chembe za unga laini, kama talki, zenye nyufa na vipembe ambamo gesi hujishikiza. Ya pili ni kasi. Kalibu ikifunguka polepole, viputo vichache vinatangulia na kunyonya gesi yote iliyo karibu. Vilivyochelewa havipati kitu. Soli inabaki na matundu makubwa, na mpasuko huanzia kwenye matundu makubwa. Ikifunguka kwa kishindo, viputo visivyohesabika vinazaliwa kwa mpigo mmoja, vinagombea gesi ileile, na vyote vinabaki vidogo. Kalibu inayositasita kwa sababu ya pampu ya haidroliki iliyochoka inaniumiza roho. Nikikata soli ya siku hiyo kwa wembe, matundu nayaona bila lenzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Profesa Nam Suh na wanafunzi wake wa chuo cha MIT, Marekani, walilifikisha jambo hili la viputo vidogo mbali sana. Kampuni ya Kodak ilitaka kupunguza plastiki bila bidhaa zake kudhoofika. Wazo la Suh na wanafunzi wake lilikuwa kutengeneza viputo vidogo kuliko kasoro ambazo plastiki inazo tayari, ili visilete udhaifu mpya. Walipata hataza mwaka 1984. Leo zipo mashine zinazoingiza naitrojeni moja kwa moja kwenye plastiki iliyoyeyuka, bila unga wowote, na vipande vingi vya magari hutengenezwa hivyo.

Natamani teknolojia hiyo itufikie, kwa sababu vumbi la unga wetu linaweza kumletea mfanyakazi pumu. Anayepima mchanganyiko bila barakoa namsimamisha, hata kama mteja anasubiri mlangoni.

Kukua kwa viputo nako kunataka kikomo. Vipande vya magari hupoa na kuganda ndani ya kalibu, viputo vikakoma hapo. Kiatu chetu kinatoka kikiwa bado cha moto, kwa hiyo tunategemea peroksidi, ambayo imeshaziunganisha molekuli za plastiki kalibu ikiwa imefungwa. Kuta za viputo zinavutika bila kutoboka. Peroksidi ikipungua, gesi inatoroka na kiatu kinanywea mikononi mwa anayekipokea.

Baada ya hapo tunakipitisha kwenye tanuri refu linalopoza taratibu, kisisinyae ovyo. Hata hivyo, kuta zilizovutwa kiasi hicho hubaki na mkazo. Ukiacha kroksi ndani ya gari lililofungwa juani, kuta zinalainika tena, mkazo unaachia, na kiatu kinapungua namba. Kroksi zako zikaushe kivulini.