Ampli ya bafle za studio: usinunue wati za karatoni

Wandugu, mimi ni mtu wa agronomia, si fundi wa sauti. Lakini mwaka jana marafiki watatu tulichanga dola 180 tufungue studio ndogo ndani ya chumba changu hapa Bukavu. Tulipoteza sehemu kubwa ya ile pesa kwa siku moja. Naandika ili yako isipotee.

Bafle zetu ni pasifu, maana yake hazina ampli ndani; zinaomba ampli ya inje. Nyuma yake iliandikwa: omu 8, wati 60. Dukani nikaona ampli ndogo, karatoni inasema wati 1000. Nikalipa mbio.

Masomo yangu ilikuwa inisaidie pale. Mfuko wa NPK 17-17-17 wa kilo 50 hauna kilo 50 za azote. Uko na kilo 8.5 tu. Vile vile, ile 1000 ya karatoni, ambayo wanaita PMPO, si nguvu ambayo ampli inaweza kutoa bila kuchoka. Namba ya kutafuta ni RMS, kwa kila upande, pamoja na omu zake. Ya kwetu, ndani ya kijitabu chake: wati 15.

Utauliza: wati kidogo zitaua bafle namna gani? Tulipopandisha sauti, ampli ikafika mwisho wa nguvu yake, ikaanza kukata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokatwa linazaa sauti nyingi za juu, na hizo zinaenda kwa twita, kile kispika kidogo chenye waya mwembamba sana. Ikaungua.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa:

1. Kama bafle ni wati 60 kwa omu 8, tafuta ampli ya RMS kati ya wati 60 na 120 kwa omu zilezile. Usiogope: kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Ile nguvu ya ziada ni ya kupumua, si ya kupiga makelele. Lakini mkono wako ukae karibu na volimu.

2. Usishuke chini ya omu ambazo ampli inakubali. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwa upande mmoja zinakuwa omu 4.

3. Uliza kama iko na ventilateri. Ampli za ukumbi zinavuma, na mikro itasikia.

4. Washa ampli ya mwisho, zima ya kwanza. Umeme ukikatika, zima palepale. Ukirudi kwa ghafula, ule mshindo unaweza kuumiza bafle.

Leo tunatumia ampli ya zamani ya salon, wati 80 kwa omu 8, haina ventilateri. Haina sura, lakini twita mpya ingali inaimba. Njo maana nasema: soma etiketi ya ampli vile unasoma mfuko wa mbolea.