Chaja ya Mtumba ya Gari la Umeme: Kwa Nini Iliyochokwa Uingereza Inaifaa Bagamoyo

Wanaoagiza Nissan Leaf kutoka Japani huumiza kichwa kwa mambo matatu: bei ya gari, ushuru wa TRA na afya ya betri. Namna ya kulichaji nyumbani huikumbuka gari likishatoka bandarini. Hapo ndipo simu huanza kuingia huku Uingereza: “Kaka, nitafutie chaja huko, hata ya mtumba.” Mwenye gari yuko Mapinga, Kerege au Bagamoyo mjini. Ana nyumba, ana uwanja, ana LUKU. Anachokosa ni kile kisanduku cha ukutani.

Jibu langu ni kwamba chaja ya mtumba inafaa. Tena mara nyingi ile ya zamani, ambayo Mwingereza anataka iondoke ukutani kwake haraka, ndiyo inayolifaa gari la Bagamoyo kuliko mpya ya kisasa. Sababu zake zinahitaji maelezo kidogo.

Betri ya gari inapokea umeme wa DC, na umeme wa TANESCO ni AC. Kifaa kinachobadilisha AC kuwa DC kimo ndani ya gari lenyewe. Kisanduku cha ukutani hakibadilishi chochote. Kazi yake ni kulinda na kupatana na gari. Kupitia waya mwembamba, kinapeleka ishara ya volti 12. Gari likiunganishwa linaishusha hadi 9, na likiwa tayari kupokea linaishusha hadi 6. Hapo swichi kubwa iliyomo ndani ya kisanduku inajifunga kwa mlio unaosikika, na umeme unaanza kupita. Ishara hiyo hupiga mara 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaoliambia gari livute ampea ngapi: 10, 16 au 32. Mapatano hayo yasipokamilika, pini za plagi ya gari hazina umeme.

Kwa kuwa kazi yenyewe ni hiyo tu, kisanduku kilichotunzwa kinaweza kudumu miaka mingi. Hakipungui nguvu kama betri. Kinachochakaa ni swichi, waya na pini.

Sasa turudi nyuma kidogo. Leaf ilianza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, na Uingereza mwaka uliofuata. Tundu lake dogo la kuchajia lilikuwa la Aina ya 1, lile la pini tano linalojulikana kwa kiwango cha J1772. Serikali ya Uingereza ikachangia gharama za kufunga chaja majumbani, na nyumba nyingi zikawekewa visanduku vya ampea 16 vyenye waya wake wa Aina ya 1. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ukachagua Aina ya 2 iwe kiwango cha vituo vya umma, na Leaf ya kizazi cha pili ilipoingia soko la Ulaya mwaka 2018 ilikuja na tundu la Aina ya 2. Mtu aliyebadilisha gari akabaki na waya usioingia kwenye gari jipya. Ndiyo maana visanduku hivyo vinauzwa kwa bei ya chini.

Japani haikuhama. Leaf ya Japani, hata ya kizazi cha pili, ina tundu la Aina ya 1, na Mitsubishi Outlander ya kuchaji ni hivyo hivyo. Kwa hiyo gari lililoegeshwa Kiromo lina tundu lile lile ambalo Ulaya imeliacha. Zaidi ya hapo, umeme wa nyumbani Uingereza ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, fezi moja, sawasawa na wa Tanzania. Kisanduku kinatoka ukuta mmoja kinaingia mwingine bila transfoma.

Usikimbilie pia ukubwa. Chaja ya ampea 32, yaani kilowati 7 na kitu, inapendeza kwenye tangazo, lakini Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 hivi. Ukizifungia ya 7 zitavuta zile zile 3. Ampea 16 zinatosha: betri ya kilowati-saa 24 unaiacha usiku, asubuhi imejaa.

Sababu ya pili ya kupenda za zamani ni kwamba ni bubu. Kuanzia Julai 2019 ruzuku ya Uingereza ilitolewa kwa chaja zenye mawasiliano tu, na tangu 30 Juni 2022 sheria inataka chaja mpya za nyumbani ziwe na uwezo huo. Nyingi zimefungwa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza na zinategemea kompyuta za kampuni. Oktoba 2024 kampuni ya Enel X Way ilifunga biashara yake Amerika Kaskazini, na wenye chaja za JuiceBox wakapoteza programu ya kuziongozea. Ziliendelea kuchaji, lakini mipangilio ya simu ikawa imekwenda. Sasa fikiria hali hiyo Zinga, na muuzaji yuko Manchester hapokei simu. Chaja isiyohitaji intaneti haiwezi kukufanyia hivyo. Ukipata yenye tundu la Aina ya 2 bila waya, nayo inafaa. Nunua waya wenye Aina ya 2 upande mmoja na Aina ya 1 upande wa pili.

Za nchi nyingine zina maswali zaidi. Waya unaokuja na Leaf ya Japani umeandikwa volti 200, na mafundi wetu huubadilisha plagi tu na kuuchomeka kwenye 230. Mimi siushauri. Za Marekani zimetengenezwa kwa nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120. Zipo zinazokubali umeme wetu na zipo zinazogoma. Za China zina plagi ya kwao kabisa.

Ukienda kwa muuzaji, omba uione ikichaji kabla haijang'olewa. Kisha, umeme ukishazimwa na fundi, mfuniko ufunguliwe. Tazama mahali nyaya nene zinapobanwa na skrubu. Shaba iwe ya rangi yake na plastiki ya pembeni isiwe imekolea kahawia, kwani ukahawia ni dalili ya joto, na joto ni dalili ya skrubu iliyolegea kwa miaka. Chungulia ndani ya plagi ya gari: pini mbili kubwa zing'are sawa. Moja ikiwa nyeusi, achana nayo, hata wakikupa bure.

Hapo umemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili iko Bagamoyo, na ndiyo inayonitia wasiwasi.

Chaja inategemea erthi ili imlinde mtu. Katika nyumba zetu nyingi erthi ni fimbo ya shaba iliyopigwa uani, na pwani yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mchanga mkavu wa Januari haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo iliyopimwa wakati wa masika inaweza kuwa haina maana kiangazi. Fundi mwenye leseni ya EWURA aipime kwa kifaa, si kwa taa ya majaribio, na ikibidi apige fimbo ya pili mahali penye unyevu, kama karibu na maji ya bafuni yanapotokea. Baadhi ya magari, mfano Renault Zoe, hukataa kabisa kuchaji erthi ikiwa mbovu. Wapo wanaolalamikia usumbufu huo. Mimi nauona ni uungwana wa gari.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari unaokula mabati na nondo unakula pia skrubu za chaja. Ifungwe barazani, upande usioelekea baharini, na matundu ya nyaya yazibwe vizuri. Skrubu zikazwe upya kila mwaka.

Chaja iwe na waya wake peke yake kutoka meinswichi, wa milimita za mraba 4 au 6, na breka yake na RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 inayofaa magari ya umeme. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huvumilia birika kwa dakika tano. Ampea 13 kwa saa nane mfululizo zinaweza kuiyeyusha. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinga dhidi ya volti kupanda ghafla kwenye meinswichi inaweza kuokoa chaja na gari pamoja.

Mwisho kuna LUKU. Kama gari litachajiwa kwa wazazi, nyumba yao huenda iko kundi la bei la D1, ambako yuniti 75 za kwanza za mwezi ni Sh 100 kila moja kabla ya kodi. Kuchaji mara nne kwa yuniti 20 kunamaliza nafasi hiyo, na nyumba inaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako yuniti pamoja na kodi inafika kama Sh 357. Mwambie mama mapema. Bado hesabu inalipa: kutoka Bagamoyo hadi Posta, Dar, na kurudi, kilomita 140 hivi, ni kama yuniti 24, yaani Sh 8,600. Gari dogo la petroli lingekunywa lita 10, na mwaka 2023 lita ilivuka Sh 3,000. Ila Leaf ya zamani ya kilowati-saa 24 haitamaliza safari hiyo bila kuchaji Dar. Anayekaa Bagamoyo na kufanya kazi Dar anunue ya 40.

Ndugu mlioko ughaibuni, msitume chaja kwenye kontena kabla hamjapokea vitu viwili kutoka nyumbani: picha ya tundu la kuchajia la gari, na karatasi ya fundi yenye kipimo cha erthi.